Mambo ya kuzingatia kabla hujapanda spidi boti kwenda visiwani, hasa sisi tunaotoka Arusha na Moshi

Kila Pasaka na kila mwisho wa mwaka naona watu wa ofisini, wa vikoba, familia nzima na mashemeji zao wanashuka Tanga na Pangani au wanaruka Unguja kutokea KIA, wanalipia boti ya siku moja, visiwa viwili vitatu, kusnorkel (kuelea na maski na mrija unaangalia samaki), samaki wa kuchoma kwenye fungu la mchanga, picha, basi. Safari tamu sana sikatai. Ila sisi watu wa mlimani bahari tunaijulia kwenye simu, na wanaotuuzia hizo boti wanalijua hilo vizuri kuliko sisi wenyewe.

Anza na kalenda kabla ya hela. Kuanzia Juni mpaka Septemba ni kusi, upepo unakaza na bahari inachafuka, na humo humo ndo watoto wanafunga shule katikati ya mwaka na kila mtu anataka kwenda. Pasaka nayo inaangukia kwenye masika, mvua inashusha matope ya mito baharini, unalipia kuona samaki afu unaona chai ya maziwa. Februari ni nzuri, Oktoba na Novemba pia mara nyingi bahari inatulia. Hata hivyo angalia utabiri wa TMA, wale wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, jioni ya kabla ya safari, wakitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi yanayozidi mita mbili we kaa hotelini kunywa juisi, usianze kubishana na nahodha eti mmetoka mbali. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokuja hata zile boti kubwa za Dar na Zanzibar zilisimamishwa, sembuse kiboti cha faiba cha watu nane.

Afu angalia mwezi. Hapa watu wa bara ndo tunaachwa kabisa. Maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kutoka kupwa hadi kujaa ni kama saa sita, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu linakuja bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa sana, mwezi ukiwa nusu ndo maji mafu, tofauti inakua ndogo. Sasa fikiria, Idd el Fitr siku zote inakuja mwezi ukiandama, maana yake kila Idd el Fitr unayopanga kwenda pwani kula bata unakutana na bamvua. Siyo mbaya, ila lazima uulize saa ya maji. Kisiwa cha Maziwe pale Pangani zamani kilikuwa na miti kabisa na kasa wanapanda kutaga, kikaliwa na bahari mpaka siku hizi kimebaki mchanga mtupu, na bamvua likijaa nao mchanga unafunikwa. Fungu la mchanga la Nakupenda pale mbele ya mji wa Unguja vilevile, kuna saa lipo na kuna saa halipo. Kwa hiyo mtu akikuambia "tunatoka saa nne asubuhi" muulize maji yanakupwa saa ngapi siku hiyo, akijibu hapohapo bila kufikiri ujue huyo ni mtu wa bahari, akianza "usijali bosi" jua unaongea na mpiga debe.

Na kuhusu wapiga debe, mapapasi wa Zanzibar ni kama flaikacha wetu wa pale Clock Tower, sura ya upole, broshua ya mtu mwingine, na boti hana. Usilipe mpaka umeiona boti yenyewe na umeongea na atakayeiendesha. Ukiahidiwa kushuka na kula lunch kwenye kisiwa cha Mnemba kataa, kile kisiwa ni cha hoteli binafsi, nyie mnaogelea kwenye miamba inayokizunguka tu, chakula mnakula kwingine. Ukienda maeneo ya hifadhi ya bahari kama Maziwe, au Mbudya na Bongoyo kwa wanaoshukia Dar, kuna kiingilio na raia halipi sawa na mgeni, kwa hiyo beba NIDA yako, usiache ikakaa kwenye droo Njiro huku unalipishwa kama Mzungu. Uliza pia kama hicho kiingilio kimo kwenye bei au mtaambiwa mkiwa katikati ya maji.

Boti ikaguliwe bila aibu. Mashine ngapi, kama ni moja je kuna ya akiba. Mafuta, utaratibu wa mabaharia makini ni theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi na theluthi inayobaki ya dharura, ukiona dumu moja la lita 20 limelegea pale nyuma uliza. Ngazi ya kupandia ipo? Hii watu hawaiulizi, afu mama wa kilo 90 anavutwa mkono na watu wanne kama gunia. Kuna boya la duara na kamba? Nahodha anajifunga ule waya wa mkononi unaozima mashine akidondoka, au umening'inia tu kama pambo? Na muhimu kuliko yote, mashine izimwe kila mtu anapopanda au kushuka majini, isiwekwe fri, izimwe. Panga la boti, ile feni ya mashine iliyo chini ya maji, halina huruma.

Sasa laifu jaketi na kuogelea, hapa nitakaa kidogo.

Pale ufukweni mwongozaji anauliza "nani hajui kuogelea?" na watu wa kwetu wote wanakaa kimya wanaangalia pembeni. Tulikua tumeenda na kikoba chetu, Februari, tukatokea Muyuni kwenda Mnemba, bahari imelala kabisa na maji unaona chini. Swali likaulizwa, kimya, mpaka dada yangu akanyoosha mkono akasema "mimi sijui", watu wakacheka, mumewe akacheka kuliko wote. Huyu shemeji yangu amekulia Boma Ng'ombe, pale kwenye chemchemi ya Chemka ni kama nyumbani kwake, anaruka na ile kamba, anazama chini anatoka upande wa pili, ukimwambia hajui kuogelea mnagombana. Dada akapewa jaketi akalifunga, shemeji lake akalikalia kama mto.

Tumefika, mwongozaji karuka wa kwanza, wengine wakafuata kila mtu kivyake, hamna aliyepangwa na mwenzake, hamna aliyeambiwa mkondo unaelekea wapi. Na mkondo ulikuwepo. Ndo kitu ambacho mtu wa Chemka hawezi kukijua, maji juu yametulia kama kioo huku yanakubeba pembeni ya mwamba taratibu, we umeinamisha uso unaangalia samaki wa rangi, ukinyanyua kichwa boti imekua ndogo. Shemeji aliponyanyua kichwa akafanya anachofanya kila mwanaume, akageuka akaanza kuogelea kwa nguvu kuifuata boti, moja kwa moja dhidi ya mkondo. Pumzi ikaisha. Kimawimbi kikaingia kwenye snorkeli akavuta maji ya chumvi, akang'oa maski, akatafuta pa kusimama, akakanyaga matumbawe na shorongo, yale madude meusi ya duara yenye miiba. Hakupiga kelele hata kidogo. Watu wanafikiri anayezama anaita kama kwenye sinema, mtu mwenye maji kooni hana sauti ya kuita, mdomo unatoka unaingia na mikono inasukuma maji chini, ukiwa mbali unaona kama anacheza.

Aliyemuona ni dada, kwa sababu yeye alikua anaelea tu na jaketi lake, hana haraka, anaangalia watu. Yeye ndo akapiga yowe. Nahodha wetu alikua amegeukia boti ya jirani wanapiga stori, na waliomrushia shemeji boya ni vijana wa hiyo boti nyingine. Kutolewa, anakohoa, mguu unavuja damu, macho mekundu. Na hapo nahodha akasema "atakuwa sawa, tuendelee na ratiba". Dada yangu akamjibu, "Kaka yangu, ratiba utaifanya na maiti?" Tukarudi. Hospitali wakamlaza usiku ule wamuangalie, na walifanya sawa, maana mtu aliyevuta maji kwenye mapafu anaweza kuonekana mzima afu baadaye pumzi ikaanza kubana. Kwa hiyo mtu akinywa maji na kikohozi hakikati, au anapumua kwa shida, au anakua mzito mzito wa usingizi, hakuna kusubiri kesho.

Kutokana na hayo, sikiliza. Wote mvae, hata bingwa. Jaketi unalijaribu nchi kavu, funga mikanda yote, afu mtu ashike mabegani alivute juu, likipanda mpaka masikioni halikutoshi, majini litabaki juu na we utabaki chini. Mtoto avae la mtoto, siyo la baba likazungushiwa kamba, na hilo uulize wakati wa kubook kwa sababu boti nyingi hazina saizi za watoto. Mgawane wawili wawili. Mwongozaji aseme kabla hamjaruka mkondo unaenda wapi, na boti itakua inawafuata au inawasubiri, maana sehemu za matumbawe haitakiwi kutupa nanga ovyo. Ukijikuta umebebwa usishindane nao, lala chali, elea, nyoosha mkono mmoja juu, boti ndo ina mashine, ije ikufuate. Na ukiulizwa nani hajui kuogelea, kama hujui sema hujui, hata kama mchumba wako amekaa pembeni.

Maski ijaribiwe kabla. Iweke usoni bila mkanda, vuta pumzi kwa pua, ikiganda ni yako, ikidondoka omba nyingine, wenye masharubu mtahangaika kidogo. Temea mate kwa ndani usuuze, haitafanya ukungu. Maji yakiingia kwenye snorkeli puliza kwa nguvu kama unapuliza moto wa kuni, yanatoka. Hivyo vyote jifunzie bwawani huku huku au hapo hapo Chemka, maji masafi, mtu anakushika, usiende kujifunzia kwenye kina cha mita nane.

Viatu vya mpira vya majini beba. Ukichomwa na shorongo toa miiba inayoonekana, loweka mguu kwenye maji ya moto unayoyaweza kuyavumilia, watu wa kule wanapaka utomvu wa papai. Usisimame juu ya matumbawe, yanakata na yanakufa.

Kulewa bahari: meza dawa ya kichefuchefu saa moja kabla, siyo ukishaanza kutapika. Asubuhi kula kitu chepesi, siyo supu ya makongoro na chapati nne. Kaa nyuma karibu na katikati, angalia mbali. Kule mbele wanakokimbilia wapiga picha ndo boti inapopiga mawimbi, mgongo unaumia kweli, na mjamzito asipande spidi boti kabisa, na mwenye matatizo ya mgongo naye aone dhow.

Jua la majini linaunguza hata na weusi wetu huu, upepo unakudanganya kwamba hakuna joto, jioni unashindwa kuvaa shati. Vaa tisheti ya mikono mirefu hata majini, vigimbi vya miguu ndo vinaungua ukiwa umeinama. Maji ya kunywa mengi kuliko unavyodhani.

Simu na nguo weka kwenye mfuko usiopitisha maji au ndoo ndogo yenye kifuniko, rambo tushazisahau tangu zipigwe marufuku Juni 2019. Pombe mwisho wa safari, mkishashuka. Makombe na vipande vya matumbawe viache, kwenye hifadhi huruhusiwi kuokota.

Kuna jingine linatuhusu sisi wa huku tu. Kusnorkel hakuna shida, ila kama kuna mtu kwenye msafara alizamia na mtungi wa hewa, asipandishe mlimani siku hiyo hiyo. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari, na kwa mwili uliotoka kina kirefu huko ni kama kupanda ndege, ushauri wa kawaida kwa aliyezamia zaidi ya mara moja ni asubiri angalau saa 18 kabla ya kuruka. Amwambie mwalimu wake wa kuzamia kwamba anarudi Arusha, siyo Tanga mjini.

Na hata wasiozamia msiondoke jioni ile ile. Tanga mpaka Moshi ni kama kilomita 350, dereva ameshinda juani, amekunywa maji ya chumvi, afu mnamuweka usiku kwenye foleni ya malori Segera, Korogwe, Mombo, Same huku nyie wote mmelala mdomo wazi. Lalani Tanga, mwambieni bosi Jumatatu mtachelewa, na anayekaa mbele na dereva asilale.