Kupiga picha kiwanda kilichotelekezwa: anza na kazi, kutu ifuate

Wengi wakiingia kwenye kiwanda kilichokufa hukimbilia kutu, vioo vilivyovunjika na rangi inayobanduka. Picha zinapendeza, lakini ukizitazama hujui kama pale palisokotwa nyuzi, paliyeyushwa chuma au palisagwa nafaka. Mimi kwanza nazunguka kamera ikiwa begani. Natafuta mali ghafi iliingilia wapi: reli, mizani, jukwaa la kushushia mizigo, bohari. Kisha naifuata mashine kwa mashine hadi mlango uliotolea bidhaa. Njia hiyo ndiyo inayonipangia picha.

Kibali kiombe kwa mwenye jengo, kwa maandishi. Ukiwa nacho unafanya kazi kwa utulivu, na mlinzi anayekufungulia geti mara nyingi ndiye anayejua sakafu ipi imeoza na mtambo upi ulifanya nini. Muulize kabla hujaingia.

Usiende peke yako. Kwenye sakafu ya mbao, misumari iliyojipanga mstari huonyesha boriti ilipopita chini yake. Pita juu ya mstari huo, na mbao zikibonyea hata hapo, rudi. Dimbwi la maji lizunguke, maana chini yake panaweza kuwa na shimo la mashine. Tangi la chuma lililofungwa usiliingie kabisa. Chuma kinaposhika kutu hula oksijeni iliyomo ndani, na hewa inayobaki haina harufu ya kukuonya. Mtu huanguka kabla hajajua kuna shida. Halafu kuna asbestosi, madini ya nyuzinyuzi yanayodhuru mapafu, ambayo viwanda vingi vya zamani viliitumia kufunika boila na mabomba ya mvuke. Ukiona kifuniko cha mabomba kinamomonyoka, usikiguse, na usiendelee kukaa chumba hicho. Barakoa ya kitambaa haizuii nyuzi zake; ya kuvaa ni ya daraja la FFP3, yaani ya kuchuja vumbi laini sana, iliyobana uso vizuri.

Sasa mwanga. Inua macho utazame paa. Karakana nyingi za zamani zina paa la meno ya msumeno, na vioo vyake vilielekezwa kuliepuka jua: kaskazini kwa nchi zilizo kaskazini mwa ikweta, kusini kwa zilizo kusini. Mafundi walihitaji mwanga mtulivu usiowachoma macho, na mwanga huo bado upo. Chini ya paa la namna hiyo unaweza kupiga picha saa sita mchana bila wasiwasi. Nje ya jengo, mimi nasubiri mawingu. Bernd na Hilla Becher, Wajerumani walioanza mwaka 1959 kupiga pamoja picha za minara ya maji na matanuri ya kuyeyushia chuma, walipendelea anga la mawingu ili vivuli vikali visivuruge umbo la mtambo. Tazama kazi zao uone jinsi kila bomba linavyosomeka.

Ndani, stendi ya miguu mitatu ni lazima. Weka ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, tundu la lenzi f/8, na uiache shata ichukue sekunde inazotaka. Tumia kihesabu muda ili kidole kisitikise kamera. Hakikisha kamera imekaa sawasawa, la sivyo nguzo zitaonekana zinaanguka. Madirisha yakiungua meupe, piga picha tatu zinazopishana hatua mbili za mwanga (kila hatua huongeza mwanga mara mbili au kuupunguza nusu), kisha uziunganishe. Usiunganishe mpaka kila kona ing'ae. Kiza kilikuwa sehemu ya mahali pale hata kazi ilipokuwa ikiendelea.

Baada ya picha pana, sogea karibu. Kuna mashine ya kukandamiza mabati niliyoitazama kwa muda mrefu: mpini wake ulikuwa na kutu kote isipokuwa pale kiganja kilipokuwa kikishika, ambapo chuma kilikuwa laini na cheusi. Chini yake saruji ilikuwa imelika, mahali mguu wa kulia wa fundi ulipokanyaga zamu baada ya zamu. Vitu hivyo viwili vinatakiwa viingie kwenye picha moja, maana vikiachana, mtu anapotea. Lenzi ya milimita 50 inatosha. Acha shata wazi sekunde kumi, shika tochi pembeni kabisa, mwanga wake upite sambamba na uso wa chuma, na uisogeze polepole. Mwanga wa mbele hufuta kila mkwaruzo. Wa pembeni huuinua.

Usipange vitu. Glavu iliyolala sakafuni ibaki sakafuni, kwa sababu ukiiweka juu ya kiti umeanza kusema uongo kuhusu watu waliofanya kazi pale. Wala usiondoke na kitu.

Usiku huohuo andika maelezo ya kila picha: chumba kipi, mashine ipi, ulitazama upande gani. Ukimpata aliyewahi kufanya kazi pale, mwonyeshe picha na maelezo hayo, umwache akusahihishe.