Webley ya zamani: geuza silinda kabla ya kununua risasi

Wenye leseni hapa Nakuru mnaopenda bastola za kale, hasa ile Webley Mark VI iliyoanza kutumiwa na jeshi la Uingereza mwaka 1915: acheni msasa kwanza. Hakikisha haina risasi, ifungue, kisha angalia upande wa nyuma wa silinda, ile sehemu inayozunguka yenye matundu ya risasi. Nambari zikionekana zimeliwa nusu, silinda ilichongwa Marekani ili imeze risasi za Kimarekani za .45 ACP badala ya zile zake za asili za .455. Risasi hizo za .45 ACP zinaingia vizuri kabisa, na hapo ndipo hatari ilipo, maana shinikizo la zile za kiwandani linazidi lile bastola ilipimiwa. Silinda hupasuka. Tafuta fundi mwenye leseni akutengenezee risasi za nguvu ndogo, au iache ukutani.

Kisha vuta nyundo taratibu, bonyeza kifyatuo na ukishikilie, utikise silinda. Kucheza kidogo ni kawaida; ikilegea kama jino bovu, usiifyatue. Springi na meno ya nyundo mwachie fundi, usiyapige tupa. Kwa kutu, mafuta na kitambaa vinatosha.

Umeirithi na haina cheti? Polisi kwanza, fundi baadaye.