Kabla hujabonyeza "Futa": namna ya kusimamia posti za maswali

Ukikabidhiwa usimamizi wa jukwaa la maswali, kitufe cha Futa ndicho kitakachokuvuta mkono kuliko vyote. Nakuomba kiwe cha mwisho. Nyuma ya posti nyingi kuna mtu aliyekwama, akaja kuomba msaada.

Hatua ya 1: Soma mjadala mzima, usiishie kwenye ripoti. Wapo wanaoripoti kwa sababu tu wamepingwa. Jibu lenye makosa hupigiwa kura za kupinga na kusahihishwa. Kukosea si kutukana.

Hatua ya 2: Matangazo ya kitapeli na matusi ya wazi, ondoa papo hapo. Kwenye Stack Overflow, jukwaa la maswali ya uandishi wa programu za kompyuta, ripoti 6 za spamu (matangazo yasiyotakiwa) zinatosha kuifuta posti bila msimamizi kuigusa.

Hatua ya 3: Rekebisha kinachorekebishika. Kazi yenyewe iko hapa. Mtu anaandika: "Simu haiwaki, msaada haraka, nipigieni," kisha anaweka namba yake. Itoe namba, halafu muulize: ilizimika baada ya nini? Ukiichomeka kwenye chaji inaonyesha chochote? Na usisahau historia ya mabadiliko. Namba uliyoitoa bado inasomeka kwenye toleo la zamani, kwa hiyo toleo hilo nalo lifichwe.

Hatua ya 4: Funga kabla ya kufikiria kufuta. Swali lililofungwa halipokei majibu mapya, lakini mwenyewe anaweza kulihariri na kuomba lifunguliwe. Stack Overflow hulifunga kwa kura 3 za watumiaji wenye pointi 3,000 au zaidi, zile wanazopata michango yao inapopigiwa kura. Swali lililojirudia liunganishe na la awali, uliache lionekane, maana kesho mwingine atatafuta kwa maneno yaleyale.

Hatua ya 5: Tazama majibu yaliyo chini yake, kwa kuwa swali likifutwa huondoka nayo. Niliwahi kufuta swali la mstari mmoja bila kushuka chini, kumbe lilikuwa na jibu refu, limepangwa vizuri mno. Mfumo ulikuwa umelificha tu, nikalirudisha. Aliyeliandika hakuandika tena, na hilo linaniuma hadi leo.

Hatua ya 6: Taja sababu. "Umekiuka kanuni" haimsaidii mtu. Andika: "Nimeiondoa kwa sababu ina namba ya mtu mwingine. Itoe, kisha uitume tena." Akikata rufaa, aiangalie msimamizi mwenzako, si wewe uliyefuta.