Namna ya Kumchakachua Mnyama wa Kidijitali: Mwongozo kwa Wenye PlayStation ya Zamani

Gemu za kufuga mnyama hazifanani na gemu za mpira zinazojaza vibanda vya Majengo na Chang'ombe hapa Dodoma. Hazina dakika 90 wala refa, bali zina kiumbe anayekula, anayechoka, anayekwenda haja na anayezeeka, na mambo yote hayo hukaa ndani ya mashine yakiwa namba tupu. Kifaa cha kuchakachua, kiwe ni Action Replay, GameShark au kingine cha ukoo huo, kazi yake ni moja tu, nayo ni kufuta namba iliyopo na kuandika nyingine mahali pake. Hakijui kwamba namba hiyo ni njaa au ni uzito. Anayepaswa kujua ni wewe, na wanyama wengi walioharibika waliharibiwa na wachezaji waliobandika misimbo yote waliyoipata (yaani mistari ya namba inayokiambia kifaa kiandike nini na wapi) bila kuuliza kila mmoja unaandika nini.

Nitatumia Digimon World ya PlayStation ya kwanza, iliyotoka Japani mwaka 1999, Marekani mwaka 2000 na Ulaya mwaka 2001. Nimeichagua kwa kuwa namba zake nyingi zinaonekana wazi kwenye ukurasa wa hali ya mnyama, na pia kwa kuwa inakubali kuchezwa hata kwenye PS2, mashine ambayo bado ni rahisi kuipata kwa mafundi na kwa wauza mitumba ya vifaa vya umeme.

Kabla ya kununua mashine, geuza nyuma usome kibandiko cha umeme. Umeme wetu ni wa volti 230, ilhali mashine iliyotengenezwa kwa soko la Japani hutaka volti 100 na ile ya Marekani hutaka 120, kwa hiyo ukiichomeka moja kwa moja ukutani bila transfoma utapata harufu kabla ya kupata picha. Ukiwa bado umeigeuza, tazama pia kama ina tundu pana lenye kifuniko cha plastiki. PlayStation za mwanzo zilikuwa na tundu hilo, na ndimo kifaa cha kuchakachua kilimochomekwa, lakini Sony ililiondoa kuanzia matoleo ya SCPH-9000. Mwenye mashine isiyo na tundu, pamoja na mwenye PS2, atatumia kifaa cha aina ya sidii. Unawasha mashine kwa sidii hiyo, unachagua misimbo, kisha unaitoa na kuweka sidii ya gemu pale unapoelekezwa. Mwenye PS2 azingatie kwamba sidii ya kuchakachua gemu za PS2 haimsaidii hapa, kwa sababu PS2 inapocheza gemu ya PlayStation ya kwanza hubadilika na kufanya kazi kama mashine hiyo ya zamani, na programu ya upande wa PS2 huachwa nyuma. Itafutwe sidii ya kuchakachua iliyotengenezwa kwa PlayStation ya kwanza.

Jambo linalofuata ni toleo la gemu yenyewe. Sidii ya Ulaya ina namba inayoanza na SLES, ya Marekani SLUS, na ya Japani SLPS. Misimbo ya toleo moja haifai kwa lingine, kwa kuwa namba zilezile zimepangwa mahali tofauti katika kumbukumbu ya mashine. Sidii za kunakili zinazouzwa mitaani mara nyingi hazina maandishi hayo juu, lakini ukiiingiza kwenye kompyuta utaona faili ambalo jina lake ndilo namba ya toleo. Ukikuta msimbo usiotaja toleo, uache.

Sasa hifadhi mnyama wako kabla hujamgusa. Memori kadi ya PlayStation ya kwanza ina KB 128 zilizogawanywa katika mafungu 15, na ukiwasha mashine bila sidii unapata ukurasa wa kunakili kutoka kadi ya tundu la kwanza kwenda ya tundu la pili. Nakala hiyo uitoe kabisa na kuiweka mbali, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi, kadi iliyomo ndani ya mashine ndiyo inayoumia. Kadi ya PS2 yenye MB 8 inaweza kutunza nakala ya kazi yako, ila gemu ya PlayStation ya kwanza haiwezi kuisoma moja kwa moja humo, hivyo kadi ya zamani haikwepeki.

Msimbo wa PlayStation ya kwanza una sehemu mbili. Chukua mfano huu niliouandika kwa ajili ya maelezo tu, usiujaribu kwenye gemu: 80123456 03E7. Tarakimu mbili za kwanza, 80, zinataja aina ya kazi, yaani kuandika namba ya baiti mbili (baiti ni chumba kimoja kidogo cha kumbukumbu). Zile sita zinazofuata, 123456, ni anwani ndani ya kumbukumbu, na kwa kazi ya baiti mbili anwani lazima iwe shufwa. Nne za mwisho ni thamani inayoandikwa, nayo huandikwa kwa heksadesimali, ambayo huhesabu kwa kumi na sita badala ya kumi, ndiyo maana herufi A hadi F huonekana kati ya tarakimu. 03E7 ni 999, na 270F ni 9999. Msimbo ukianza na 30, unaandika baiti moja tu, kwa hiyo thamani yake haivuki 255. Ukianza na D0, hauandiki chochote, bali unauliza kama anwani fulani ina thamani fulani, na jibu likiwa ndiyo mstari unaofuata ndio unaotekelezwa. Kikokotoo cha kompyuta au cha simu chenye upande wa waandishi wa programu (Programmer) kitakubadilishia namba hizi.

Ni bora kujifunza kutafuta anwani mwenyewe kuliko kuazima misimbo. Vifaa vya kuchomeka vya daraja la juu vilikuwa na sehemu ya kutafutia ndani yake, lakini kwa sasa njia nyepesi ni kutumia emuleta kwenye kompyuta, yaani programu inayoiga mashine ya gemu, kwa mfano DuckStation, ambayo ina ukurasa wa kuchunguza kumbukumbu, huku ukitumia sidii ya toleo lilelile utakalochezea kwenye mashine. Tuseme nguvu ya kushambulia ya mnyama wako ni 47. Mwambie mtafutaji akuletee kila mahali penye 47 kwa ukubwa wa baiti mbili, naye atakuletea orodha ndefu isiyo na maana. Rudi kwenye gemu, mpeleke mnyama kwenye uwanja wa mazoezi, na namba ikipanda, tuseme imefika 52, tafuta 52 ndani ya orodha ileile. Kwa kurudia hivyo orodha husinyaa haraka hadi zikabaki anwani chache. Miongoni mwa hizo huenda ipo ambayo ni nakala ya kuonyeshea kwenye skrini tu. Ili kuitambua, badilisha moja, funga ukurasa wa hali ya mnyama, kisha ufungue tena: namba ikirudi ilivyokuwa, hiyo ilikuwa nakala.

Namba zilizofichwa zinadai subira zaidi. Gemu huhesabu kimyakimya makosa ya malezi: mnyama akionyesha alama ya njaa nawe ukampuuza hadi alama ikatoweka, kosa moja linaandikwa, na hakuna ukurasa wowote utakaokuonyesha jumla. Hapo unaanza utafutaji bila thamani. Mruhusu mtafutaji achukue kila kitu, kisha umkoseshe mnyama mlo mmoja kwa makusudi na uombe zile zilizoongezeka kwa 1. Baada ya hapo mlishe vizuri kwa muda na uombe zisizobadilika, halafu mkoseshe tena. Huku kupishana kwa kutunza na kutotunza ndiko kunakochuja, kwa sababu namba nyingine nyingi, hasa za saa, hupanda zenyewe bila kujali unafanya nini.

Baada ya kupata anwani, swali kubwa ni nini cha kuandika. Msimbo wa kawaida hauandiki mara moja ukaondoka. Huandika tena na tena, mara kadhaa za makumi kwa sekunde, muda wote gemu inapokwenda, na hivyo namba inagandishwa. Wengi hudhani kugandisha ndiyo neema yenyewe, na hapo ndipo malezi yanapokwama. Katika Digimon World mnyama mchanga hugeuka kuwa wa daraja la juu kwa kutazamwa makundi manne ya masharti: uwezo wake, uzito wake, idadi ya makosa ya malezi, na sharti la nyongeza kama vile nidhamu au idadi ya mapambano. Akitimiza matatu kati ya manne anageuka. Agumon, mmoja wa wanyama wachanga, akitakiwa kuwa Greymon wa daraja la juu anahitaji kushambulia, ulinzi, kasi na akili kila kimoja kifike 100, uzito ukaribie 30, na makosa ya malezi yasizidi 1. Lakini Agumon huyohuyo akitakiwa kuwa Meramon, makosa hayapaswi kupungua 5 na uzito ni karibu na 20. Kwa hiyo aliyegandisha makosa kwenye sifuri akidhani amemfanyia mnyama hisani, amejinyima sharti moja la Meramon kabla hajaanza. Na anayejaza kila uwezo hadi 999 anafungua njia nyingi kwa pamoja, kisha gemu ndiyo inayomchagulia.

Ninachopendekeza ni kuandika kidogo na kuandika mara moja. Kwa Greymon, weka 0078, yaani 120, kwenye zile nne, weka 001E, yaani 30, kwenye uzito, na 0 kwenye makosa. Washa misimbo, ingia kwenye gemu, hakikisha namba zimebadilika, hifadhi, kisha zima misimbo na uendelee kufuga kama kawaida. Vifaa vingi vya kuchomeka vilikuwa na swichi ya kuzimia. Mwenye kifaa cha sidii ataizima kwa kuwasha mashine upya bila misimbo, au atatanguliza mstari wa D0 unaotazama kitufe fulani cha padi, ili uandishi ufanyike pale tu kitufe kinapobonyezwa.

Kuna namba ambazo sishauri ziguswe. Saa ni ya kwanza. Ndani ya gemu saa moja hupita kwa dakika moja ya kwetu, na usingizi, njaa, baadhi ya wahusika kujitokeza pamoja na muda wa kugeuka vyote huifuata, hivyo ukiigandisha umegandisha dunia nzima. Vilevile usivuke kikomo kilichowekwa, ambacho ni 9999 kwa HP (uhai) na MP (nguvu za kutumia mbinu) na 999 kwa uwezo mwingine. Thamani kama FFFF inaonekana kubwa mno kwenye karatasi, ila gemu inayoruhusu namba hasi huisoma kuwa hasi moja, na mnyama uliyemtaka shujaa anaanguka kwa pigo la kwanza. Usibadilishe aina ya mnyama moja kwa moja katikati ya safari pia, maana umbo, mashambulizi na mwendo wake hupakiwa pamoja, na ukibadilisha kimoja bila vingine mashine inaweza kuganda.

Kanuni hizi zinahamia kwenye mashine nyingine kwa marekebisho. Chao, kiumbe mdogo wa kufugwa katika Sonic Adventure 2 Battle kwenye GameCube, mashine ya Nintendo, ni mfano mzuri: daraja, kiwango na pointi za kila uwezo wake ni namba tatu tofauti, hivyo ukiongeza pointi bila kiwango unapata mnyama asiyelingana na maelezo yake. Mwelekeo wake wa wema au uovu ni namba ya desimali kati ya hasi 1 na 1, ambapo 1 huandikwa 3F800000 na hasi 1 huandikwa BF800000. GameCube pia hupanga baiti kuanzia kubwa, kinyume na PlayStation inayoanza na ndogo, jambo la kukumbuka unaposoma kumbukumbu kwa macho: 9999 utaikuta 27 0F kwenye GameCube, na 0F 27 kwenye PlayStation.

Digimon World inaruhusu mapambano ya watu wawili, kila mmoja akiwa na mnyama wake. Ukimpeleka mnyama aliyechakachuliwa kibandani bila kusema, utashinda mara chache kisha hakuna atakayekaa tena na wewe. Tumia kadi mbili, moja ya mnyama wa kawaida na nyingine ya majaribio, na uibandike hiyo ya pili plasta yenye maandishi ili isichanganywe na wadogo zako nyumbani.

Mashine ikibaki na skrini nyeusi baada ya kubadilisha sidii, zima misimbo yote na uanze bila hata mmoja. Ikiwaka, rudisha msimbo mmoja mmoja hadi umpate mkorofi. Ikigoma hata bila misimbo, tatizo ni sidii au lenzi. Miezi ya upepo vumbi la Dodoma huingia kila mahali, kwa hiyo futa lenzi taratibu kwa pamba yenye spiriti kidogo, iache ikauke kabisa, na ufunike mashine kwa kitambaa kila unapomaliza kucheza. Na ikiwa gemu inawaka lakini mnyama anafanya mambo ya ajabu, usijaribu kumrekebisha kwa misimbo zaidi. Rudisha ile nakala ya kadi uliyoitunza, kisha uandike tena namba moja baada ya nyingine, ukimtazama mnyama kwa siku nzima ya gemu kabla ya kugusa nyingine.