Kivuli cha bawa ukutani: jinsi ya kujenga dayorama ya usiku wa Popobawa

Mwaka 1995 nilikuwa na umri wa miaka minane, na kwa usiku mwingi hatukulala ndani. Pemba ilikuwa imeshikwa na hofu ya Popobawa, zimwi lililosemekana kuvamia watu usiku waliolala ndani. Ikishaswaliwa isha, majamvi yanatolewa uani, nyumba mbili tatu zinakusanyika pahala pamoja, na lazima abaki mtu macho. Usiku huo ndio nilioujenga kwa dayorama, yaani mandhari ndogo ya kutengenezwa kwa mkono, juu ya ubao wa sentimita 30 kwa 20, nami naeleza hapa nilivyofanya ili na wewe uweze kujenga wa kwako, hata kama zimwi la kwenu lina jina jingine.

Kabla hujashika kisu, amua nini hakitaonekana. Wengi wanaoanza dayorama za kutisha huchonga zimwi kwanza: meno, kucha, damu. Mtazamaji akishaliona zimwi, hofu imekwisha. Popobawa jina lake lenyewe ni bawa la popo, na watu wazima wa kwetu walisimulia kivuli, harufu na uzito kifuani, si sura. Nina sababu nyingine pia, nayo ni nzito zaidi: mwaka uleule, mjini Unguja, umati ulimwua mtu asiye na hatia kwa kudhani ndiye Popobawa. Kwa hiyo sikutaka kumpa mwili wala uso. Kwangu kuna kivuli tu, na ni kivuli cha kweli, kinachotupwa na taa.

Kipimo ninachotumia ni 1:35. Chukua urefu wa kitu halisi, gawanya kwa 35. Mtu wa sentimita 170 anakuwa milimita 49, ukuta wa mita 2.4 unakuwa milimita 69, mlango wa mita 1.8 unakuwa milimita 51. Andika vipimo hivi kwenye karatasi na uibandike mbele yako. Jicho linasamehe rangi mbovu, lakini mlango mdogo kuliko mtu linauona mara moja.

Kazi yangu ni ufundi wa friji, kwa hiyo lile povu jeupe gumu linalokuja ndani ya maboksi sikosi. Kata vipande vya unene wa sentimita moja kwa kisu chenye makali mapya; kisu butu hulifikicha. Ubandike kwa gundi nyeupe ya mbao, nyingine usithubutu. Ukuta wangu wa kwanza niliupaka gundi ya viatu jioni, asubuhi nikakuta umeliwa, umebaki mashimo kama jino bovu. Rangi ya kupuliza ya kopo nayo inaliyeyusha vivyo hivyo. Pakaa kwanza tabaka mbili za gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, ziache zikauke kabisa, ndipo uendelee.

Nyumba ya bibi ilikuwa ya fito na udongo, imepakwa chokaa mbele. Pahala pamoja nilitoboa povu, nikapanga vijiti vya chelewa kwa wima na ulalo, nikavifunga kwa uzi, ili fito zionekane udongo ulipoanguka. Plasta yake ni jasi, gundi nyeupe na udongo mwekundu uliochekechwa kwa kichujio cha chai. Ipake kwa kidole. Usitumie mwiko wala kijiko, kwa sababu kuta za udongo zilipakwa kwa mikono, na alama za mkono ndizo zinazoupa ukuta uhai. Ikianza kukauka, itapasuka yenyewe hapa na pale, iache.

Makuti yalinichukua siku tatu. Bahasha za kaki nilizikata vipande virefu vya upana wa milimita 15, kisha nikachana ukingo mmoja kwa mkasi, michano ya karibu karibu kama kitana. Anza kubandika chini kwenye upenu, ukipanda juu, kila mstari ulale nusu juu ya uliotangulia. Ukianza juu, paa litakaa kinyume na maji ya mvua yataingia ndani, na mtu aliyekulia chini ya makuti atajua. Bandika machache yaliyopinda. Majani ya chai yaliyokwisha kupikwa na kuanikwa yanafaa kwa takataka za uani, na nyuzi za mkonge kwa nyasi.

Watu waliolala ni rahisi kuliko unavyodhani. Mifupa ni waya wa shaba wa umeme uliomenywa. Kichwa, viganja na nyayo ni epoksi ya kukanda, ile ya mafundi bomba. Mwili mzima umefunikwa. Kanga ya sentimita 150 kwa 110 inakuwa milimita 43 kwa 31: kata karatasi laini ya tishu kwa kipimo hicho, iloweshe gundi iliyozimuliwa, ilaze juu ya waya, kisha kwa ncha ya sindano sukuma mikunjo iingie baina ya magoti na chini ya kidevu. Ikikauka inakuwa ngumu. Usijaribu kuandika jina la kanga, halitasomeka. Chora pindo tu, mstari wa milimita mbili kuzunguka, na doa moja katikati. Niliweka watoto sita, wote wamevuta kanga mpaka usoni, isipokuwa mmoja aliyeacha mguu nje. Ule mguu ndio watu wanaouangalia.

Bibi amekaa. Huyu mmoja mpe muda wako wote, hasa shingo. Nilimgeuza kichwa mara nyingi kabla epoksi haijashika: akitazama ukutani, mtazamaji anaelekezwa kwenye kivuli mapema mno. Nikamwelekeza kwa watoto, kivuli kikabaki mgongoni pake. Yeye hajakiona, sisi tumekiona.

Rangi za usiku zina kanuni moja: usiku jicho halioni rangi, linaona mwanga na giza. Udongo mwekundu usiupake mwekundu. Paka kila kitu kwanza buluu nzito iliyochanganywa na kahawia, kisha kwa brashi kavu, iliyopanguswa kwenye kitambaa mpaka ikaribie kwisha rangi, pitisha kijivu cha buluu kwenye nyuso zinazotazama juu tu, upande wa mwezi. Rangi ya joto, manjano na chungwa, iweke karibu na kibatari peke yake: shavu moja la bibi, ukingo wa jamvi, kisigino cha yule mtoto. Ukuta wa chokaa uache mweupe zaidi kidogo kuliko moyo wako unavyotaka. Kivuli hakionekani juu ya ukuta mweusi.

Sasa taa. Ndani ya shina la mnazi niliousimamisha uani nilificha taa ndogo ya ledi, nyeupe, ya milimita 3. Kichwa chake cha mviringo hukusanya mwanga ukawa duara katikati ya ukuta, kwa hiyo kisage kwa msasa mpaka kiwe bapa, halafu king'arishe kwa msasa laini kabisa. Mbele yake, umbali wa sentimita 2, nikasimamisha bawa lililokatwa kwa kadibodi nyeusi. Kutoka kwenye ledi mpaka ukutani ni sentimita 10, yaani mara tano ya umbali wa bawa, na kivuli nacho kinakua mara tano: bawa la sentimita moja na nusu linatupa kivuli cha saba na nusu, kinapita kimo cha ukuta na kuingia chini ya upenu. Sogeza bawa kidogo kidogo na ujaribu gizani kabla ya kulibandika. Ndani ya mnazi paka nyeusi pote, la sivyo mwanga utagonga kuta za shina na kukipausha kivuli.

Kibatari ni ledi ya manjano chini ya kofia ya kalamu iliyokatwa. Mwanzoni niliziunga ledi zote mbili kwenye betri moja bapa ya CR2032. Ya manjano ikawaka vizuri, nyeupe ikazimika, na nikadhani nimeiunguza. Haikuungua: ya manjano inataka volti 2 hivi na nyeupe karibu 3, kwa hiyo zikiwa sambamba ya manjano huivuta betri chini na nyeupe haipati kinachoitosha. Ipe kila moja betri yake, chini ya ubao, na utoboe njia za waya kabla hujaweka udongo wa uani.

Ilipokwisha nilimletea mama. Nilizima taa ya chumba, nikawasha zile mbili, akakaa kimya muda mrefu. Halafu akaniambia kibatari kilikuwa upande wa miguu, si wa vichwa, ili watoto wasikipige teke wakigeuka, maana sisi tulilala tumekunja miguu. Nilimwuliza walikiweka wapi hasa, akanionesha kwa kidole. Nilikihamisha usiku uleule. Tundu la waya la mwanzo bado lipo, nimelifunika kwa fungu dogo la kuni.