Ukikwama kwenye foleni, soma Marko 5

Juzi mvua ilinyesha alfajiri na matatu yetu ikakwama Barabara ya Jogoo. Nilikuwa naenda kwenye usaili wa kazi niliouombea wiki nzima. Nilifika nimechelewa, na nafasi ikaenda.

Yakikupata kama hayo, usikimbilie kusema "Mungu ana mpango wake." Mwambie kwanza uchungu wako ulivyo. Zaburi ya 13 ina mistari sita tu, na inauliza "hata lini" mara nne kabla ya kufika kwenye wimbo.

Kisha fungua Marko 5 usome ukiwa upande wa Yairo, baba anayempeleka Yesu nyumbani kwake akamponye mtoto. Binti yake wa miaka 12 yu mahututi, umati unasongamana, halafu Yesu anasimama kuuliza ni nani aliyemgusa. Mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 amepona, naye Yairo bado anangoja. Habari ya msiba inamkuta palepale njiani. Mimi hukaa sana hapo, maana hakuna mahali Yairo anapoelezwa kwa nini alicheleweshwa. Anaambiwa tu asiogope, aamini.

Mwisho, tazama aliye kando yako. Ndani ya ile matatu, mama niliyeketi naye alikuwa amembeba mtoto mwenye homa, na simu yake ilikuwa imezima. Nilimpa yangu ampigie mumewe, tukamwombea mtoto kwa sauti ya chini mpaka wakashuka. Kazi bado natafuta.