Kumpiga picha kereng'ende ziwani Rutamba

Juzi nilikuwa na mpwa wangu kandokando ya Ziwa Rutamba, Lindi. Alirudi na picha chungu nzima, karibu zote za matete. Kesho yake tulianza upya hivi.

1. Fika saa moja asubuhi. Kereng'ende bado ana baridi na umande mabawani, hana haraka ya kuruka. Saa sita huinua mkia wima ili jua limguse sehemu ndogo ya mwili. Mkao mzuri, ila mwanga umeshakuwa mkali.

2. Waulize wavuvi kuhusu mamba na viboko. Wakisema usisogee, usisogee.

3. Shata, yaani kasi ya kufunguka na kufunga kwa kamera, iwe 1/800 ya sekunde au haraka zaidi; tundu la kupitishia mwanga f/8. Lenzi yangu ni ya milimita 300. Lenzi fupi za makro, zile za kupigia vitu vidogo kwa karibu, sizipendi kwa kazi hii, zinakulazimisha umkaribie mno.

4. Tafuta kijiti, usimkimbize mdudu. Dume hulinda eneo lake. Akishamfukuza mwenzake, mara nyingi hurudi palepale. Elekeza kamera hapo, tulia.

5. Fokasi, yaani kuchagua sehemu itakayotoka safi. Hii ilinila siku nzima nilipoanza. Ukiiachia kamera ichague yenyewe hushika tete la nyuma, maana mwili wa kereng'ende ni mwembamba na mabawa yanapitisha mwanga. Weka nukta moja tu ya fokasi, juu ya jicho. Hata hivyo jicho peke yake halitoshi: ukiwa karibu, sehemu inayotoka safi ni nyembamba sana, hivyo ukimpiga kwa mshazari kichwa kinatoka safi na mkia una ukungu. Hama wewe, mpaka ubavu wake wote uwe sambamba na uso wa lenzi. Ukitaka mabawa, piga kutokea juu, kwa kuwa akitua huyatandaza. Kusi likivuma kijiti huyumba. Subiri kitulie, kisha piga tatu nne mfululizo. Stendi iache nyumbani: ukimaliza kurekebisha miguu yake, ameshaondoka. Keti chini, viwiko juu ya magoti.

6. Wakati wa mvua utaona makundi ya rangi ya manjano yakizunguka hewani bila kutua. Huyo ni kereng'ende aitwaye kitaalamu Pantala flavescens, msafiri anayevuka Bahari ya Hindi kutoka India kwa kubebwa na upepo. Kwake hatua ya nne haifai. Mtafute jioni vichakani, akining'inia chini ya tawi.